Picha Inayohema

Jamaldini alikuwa amekula jiwe. Ilikuwa siku yake ya tatu mahabusu, na maswali mengine yote ya Sajini Twahir aliyajibu kwa adabu, taratibu, bila kuruka hata moja. Likifika swali lile moja tu, macho yanashuka kwenye vidole vya miguu na mdomo unafungwa.

Swali lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, Mzee Ndesanjo wa Akheri akiwa kwenye kikao cha wazee wa usharika, fundi Jamaldini aliingia nyumbani kwa mzee huyo na kitu cha umbo la boksi kilichofungwa kwa kanga. Alitoka baada ya saa nzima, mfuko wa vifaa begani, kanga imekunjwa kwapani. Jirani mwenye mashine ya kusaga, Godbless, alimwona kwa macho yake mawili, na hata rangi ya kanga aliieleza.

"Mdogo wangu," alisema Twahir, "ndani ya ile kanga kulikuwa na nini?"

"Siwezi kusema, Afande."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilimwahidi mtu."

"Na huyo mtu atakuja kulala humu badala yako?"

Jamaldini akarudi kwenye vidole vyake. Twahir akaweka kalamu chini, maana hasira ilikuwa imeanza kumpanda na hakutaka iingie kwenye maelezo. Wote wawili walikuwa watoto wa mtaa mmoja, Daraja Mbili. Redio ya mama yake Twahir ilikuwa inaongea mpaka leo kwa sababu ya vidole vya kijana huyu, si hivi vya miguu alivyokuwa akivitazama sasa, vya mikono. Na nje ya lango, Bi Zuleha, mama yake Jamaldini, alikuwa amekaa tangu asubuhi na bakuli la wali kwenye mapaja, hasemi na mtu.

Kesho Jumanne, saa tatu asubuhi, jalada lilikuwa linakwenda mahakamani. Wizi wa kuaminiwa. Kwa fundi anayeingia sebuleni kwa watu, neno hilo halihitaji hata hukumu. Likishatamkwa mahakamani, nani tena atamfungulia mlango?

Kesi ilianza hivi. Nice, binti wa Mzee Ndesanjo anayefanya kazi Dar es Salaam, aliwatumia wazazi wake dikoda na dishi, vitu ambavyo miaka michache nyuma, kabla mambo hayajawa ruksa, ungevisikia tu kwa waliosafiri. Jamaldini akavifunga mwezi wa tatu. Dishi likakaa juu ya banda la ng'ombe likitazama mbinguni, picha ikawa safi, na Mzee Ndesanjo akaanza kumwita fundi "mwanangu" mbele za watu. Miezi mitatu ilipita bila neno.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mchana wake mzee akafungua chaneli ya filamu, na picha ikawa inahema. Hilo ndilo neno alilotumia kituoni, na Twahir hakupata jingine zuri zaidi. Picha inafifia taratibu mpaka watu wanabaki vivuli, halafu inawaka mpaka sura zao zinakuwa nyeupe pe, kisha inafifia tena. Ilikuwa hivyo Alhamisi, ikawa hivyo Ijumaa. Lakini taarifa ya habari ilikuwa safi. Mpira safi. Kwaya safi. Filamu peke yake ndizo zilizokuwa zikihema.

Mzee alipiga hesabu zake upesi. Fundi kaingia nikiwa sipo, kaja na dikoda bandia ndani ya kanga, kaondoka na dikoda ya mwanangu ndani ya mfuko wa vifaa. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, mikono imeshika kofia, na Twahir aliona wazi kwamba mzee ameumia kuliko alivyokasirika.

Jumamosi Twahir alikuwa amekwenda Akheri kukagua eneo la tukio. Alilinganisha namba kwenye boksi la dikoda na namba kwenye dikoda yenyewe, au tuseme alijaribu, kwa sababu kile kikaratasi cha namba kilikuwa kimefutika. Mama Aikande, mke wa mzee, alifuta kila kitu chake kwa kitambaa kibichi kila asubuhi ya Mungu. Twahir alimwomba Godbless azime mashine ya kusaga, pengine umeme ndio unaoyumba. Mashine ikazimwa, watu wa unga wakanung'unika, picha ikaendelea kuhema. Akatazama kama migomba imekua mbele ya dishi. Haikuwa imekua. Mwisho mzee akamsomea orodha ya vitu vya sebuleni naye akaandika: televisheni moja ya zamani, dikoda moja, stabilaiza moja, redio moja. Chini ya orodha, kwa kuwa alifundishwa kuandika kila alichokiona, akaongeza: paka mmoja, amelala ndani ya kabati, rafu ya chini.

Hakuona zaidi ya hapo, na sebule ile ilikuwa na mengi ya kuona. Ilikuwa imevikwa. Mama Aikande alifuma vitambaa vyeupe na vya manjano tangu usichana wake, na hakuna kilichobaki uchi mle ndani: viti, meza, redio, juu ya televisheni, kila rafu ya kabati.

Twahir alimwacha Jamaldini na vidole vyake, akamwambia Bi Zuleha apeleke ule wali ndani kabla haujapoa, akapanda pikipiki ya kituo mpaka mjini, dukani kwa Salwa.

Salwa alikuwa akiuza na kutengeneza vitu vya umeme jirani na soko, duka alilorithi kwa baba yake pamoja na ulimi wake mkali. Kama kuna dikoda ya mtumba iliyouzwa Arusha wiki hiyo, ingepita kwake au angeisikia. Alifungua daftari, akafunga. Hakuna. Twahir akashukuru, akageuka kuondoka, halafu kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamuuma akamweleza ile picha. Salwa akaweka chini alichokuwa ameshika.

"Filamu tu?"

"Filamu tu."

"Wamefunga deki yao ya kanda za video wapi?"

"Hawana deki," alisema Twahir.

"Wana deki, Sajini."

Twahir akatoa orodha yake mfukoni, akaikunjua juu ya kaunta. Salwa aliisoma mpaka kwa paka, akacheka. Kisha akamfafanulia kama anayemweleza mteja mgumu. Wenye filamu, alisema, wanaipachika picha yao alama. Mtu haioni, na televisheni haina habari nayo. Imewekwa kwa ajili ya deki. Deki ina tabia ya kujirekebishia mwanga kabla ya kurekodi, sasa ikikutana na ile alama inababaika, inapunguza mwanga, inaongeza, inapunguza. Hawataki mtu arekodi filamu nyumbani kwake halafu aazimishe kanda mtaa mzima.

"Na kama harekodi?"

"Hata kama harekodi. Mradi picha imepita kwenye deki kabla ya kufika kwenye televisheni, itahema."

"Mbona taarifa ya habari haihemi?"

"Nani ataiba taarifa ya habari?"

Twahir akakunja orodha. Mzee Ndesanjo alikuwa mkaguzi wa kahawa mstaafu, miaka thelathini na mbili ya kutenga punje nzuri na mbovu kwa macho. Mtu wa namna hiyo, alimwambia Salwa, hasahau deki kwenye orodha.

"Basi yeye haijui," alisema Salwa. "Kuna anayeijua, ila hujamuuliza."

Barabara yote ya kwenda Tengeru mpaka alipokata kupanda Akheri, Twahir alikuwa akijiuliza swali moja. Miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa amefunua magodoro, mitungi, mapipa ya pombe, mara moja hata jeneza. Jumamosi, kwenye sebule ya Mama Aikande, hakufunua hata kitambaa kimoja. Haikumjia kabisa. Umekaribishwa, umepewa kiti na chai, unaanzaje kuinua kitambaa cha mama wa watu kuona kilichopo chini yake? Alijitukana kimoyomoyo, kisha akaona hata leo hataweza.

Alifika saa saba, na kabla hajasema lililomleta akawekewa machalari, ndizi na nyama, sahani inayoelekea kumwagika. Shikamoo zikaitikiwa. Mama Aikande hakumtazama usoni. Mzee alikula kimya, akauliza mara moja tu kama yule kijana anapewa chakula huko ndani, akaambiwa anapewa, akaitikia kwa kichwa na kuendelea kula.

Twahir akaomba jambo moja. Filamu ya saa nane ikianza, wakae kama wanavyokaa siku zote, kila mtu kwenye kiti chake, naye aone hitilafu kwa utulivu. Mzee akakubali. Akavaa miwani, akakaa wima mbele ya televisheni kama yupo kwenye meza ya kukagulia kahawa. Filamu ikaanza, habari ya dereva wa lori anayevuka jangwa, na haukupita muda lori likafifia, likawaka, likafifia.

"Unaona?" alisema mzee.

"Naona, Baba."

Dakika kumi hivi. Tumbo la machalari, jua la mchana dirishani, lori linaguna. Kidevu cha Mzee Ndesanjo kikashuka kifuani, kikapanda, kikashuka tena na kubaki huko huko. Miwani ikateleza puani.

Hapo Mama Aikande akainuka. Aliinuka bila kiti kulia, kwa namna ya mtu aliyezoea, na kwa mazoea hayo hayo akasahau kwamba leo kuna mgeni. Akaenda kwenye kabati, akamsogeza paka aliyelala rafu ya chini, akapitisha mkono chini ya kitambaa cha manjano. Kitu kikalia tiki. Taa ndogo nyekundu ikawaka ndani ya matundu ya ufumaji.

Alipogeuka akakutana na macho ya Twahir.

Twahir akaja kuchutama mbele ya kabati, akaweka kiganja juu ya kitambaa. Kilikuwa na joto. Paka wa watu hakuwa mjinga: deki ile haikuzimwa, kwa kuwa ikizimwa, televisheni nayo haipati picha, na mwezi wa sita baridi ya Meru si mchezo. Waya mweusi ulitoka kwenye dikoda, ukashuka nyuma ya kabati, ukaingia chini ya kitambaa, kisha ukapanda kwenye televisheni. Twahir alikuwa ameandika paka, akaacha alicholalia.

Mama Aikande alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaeleza kwa kunong'ona, jicho kwa mumewe. Baba Nice anasinzia. Tangu astaafu, kila filamu, dakika kumi na tano zikizidi sana. Lakini hakubali ng'o. Ukimwamsha anasema alikuwa amefumba macho asikilize vizuri, macho yake yamekagua kahawa miaka thelathini na mbili hayajawahi kulala kazini. Halafu filamu imekwisha, hajui mwisho, na anaona aibu kuuliza. Anasema filamu za siku hizi hazina mwisho. Jioni nzima anakuwa mnyonge. Ndipo yeye Aikande akakumbuka deki mbovu ya marehemu kaka yake, akampa Jamaldini aitengeneze, akamwapisha asimwambie mtu. Alitaka airekodi filamu mzee akisinzia, kesho yake amwekee kilichobaki, aseme wameirudia.

"Na kanda zinatoka hivyo hivyo," alisema. "Zinahema."

Twahir akamuuliza, kwa sauti ile ile ya chini, kwa nini hakusema Jumamosi kilichokuwa ndani ya kanga. Alijitahidi ukali usisikike, lakini ulisikika.

"Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote yeye alikuwa amekaa pale. Nikadhani mtamwachia tu, kijana hana kosa, mtaona wenyewe."

"Mama, kesho saa tatu anapelekwa mahakamani."

Mama Aikande akashika mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka bila sauti, naye akayafuta kwa kitambaa cha kiti.

Twahir hakuwa fundi, ila kazi aliyokuwa nayo ilikuwa ya waya mmoja. Ule wa zamani, aliokuwa ameufunga Jamaldini mwezi wa tatu, ulikuwa bado nyuma ya kabati, umezungushwa vizuri na kufungwa mpira. Akauchomeka kutoka kwenye dikoda moja kwa moja mpaka kwenye televisheni, na waya wa deki akauchomoa. Lori likatulia. Jangwa likawa jangwa, anga ikawa bluu, na sura ya dereva ikaonekana mpaka ndevu. Walisubiri dakika tano, kumi. Haikuhema hata mara moja.

Mzee akafungua macho, akarudisha miwani mahali pake.

"Nilikuwa nimefumba macho tu," alisema. Kisha akaona picha. "Imepona?"

Twahir alikuwa ameshaandaa maneno kichwani, hitilafu ya kiufundi na nini na nini, lakini hakuwahi. Mama Aikande alikuwa amesimama katikati ya sebule amebeba deki mikononi, kitambaa cha manjano kingali juu yake.

"Baba Nice, hii ndiyo iliyokuwa kwenye kanga."

Alimwambia yote, amesimama vile vile. Hakupunguza neno, wala la kaka yake, wala la kusinzia. Mzee alisikiliza akitazama deki, si uso wake. Alipomaliza, sebuleni ikabaki sauti ya lori peke yake.

"Nasinzia?" aliuliza mzee.

"Kila siku, Baba Nice."

"Tangu lini?"

"Tangu ustaafu."

Mzee Ndesanjo akainuka, akazima televisheni, akaingia chumbani. Twahir na Mama Aikande walitazamana. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia mkononi.

Walipofika kituoni, mke wake nyuma yao, Twahir alimwandalia mzee kiti na karatasi, akajaribu tena kumrahisishia. Mlalamikaji anaweza kuondoa malalamiko yake kwa mistari miwili. Dikoda imechunguzwa, ni ile ile, hitilafu imeonekana na kuondolewa. Sahihi, basi, mambo ya ndani ya nyumba yabaki ndani ya nyumba.

"Na kanga?" aliuliza mzee. "Ukiandika hivyo watu wataendelea kuuliza ndani ya kanga kulikuwa na nini. Godbless atauliza, wanaosaga unga watauliza, na huyu kijana atazeeka akiulizwa. Andika kama ninavyokwambia."

Twahir akachukua kalamu. Utaratibu unataka maelezo yakishaandikwa yasomwe kwa sauti mbele ya aliyeyatoa. Mzee akaomba na Jamaldini aletwe asikie, na Bi Zuleha aitwe kutoka langoni. Wakaja. Kijana alisimama mlangoni bila mkanda, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mama Aikande hakuweza kumtazama. Twahir akasafisha koo.

"Mimi, Ndesanjo Solomoni, mtu mzima wa miaka sabini na moja, Mlutheri, mkaguzi wa kahawa mstaafu, mkazi wa Akheri, naeleza kwa hiari yangu. Mimi husinzia. Husinzia kila ninapotazama filamu, na nimekuwa nikikataa. Mke wangu alileta deki ili nipate kuona mwisho wa filamu bila kuaibika. Fundi Jamaldini aliileta kwenye kanga na kuifunga, akaahidi kunyamaza, na ahadi hiyo ameitunza humu ndani siku tatu kwa heshima yangu. Deki ndiyo iliyoharibu picha. Hakuna kilichoibwa. Nilimwita mwizi mtu niliyekuwa namwita mwanangu. Maelezo haya ni ya kweli."

Alitia sahihi kwa mwandiko wa mtu aliyepitisha magunia elfu. Bi Zuleha alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Jamaldini, suruali bado mkononi, akapiga hatua mbili ndani.

"Shikamoo, Baba."

Mzee akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Jamaldini akaitikia kwa kichwa. Twahir akajifanya anatafuta muhuri, ingawa muhuri ulikuwa mbele yake. Mkanda ukaletwa, kitabu cha mahabusu kikasainiwa, Bi Zuleha akamshika mwanawe mkono kama anavuka naye barabara. Mama Aikande akamfuata, akamwambia Bi Zuleha jambo sikioni, na wale wanawake wawili wakabaki wameshikana kwa muda.

Mzee Ndesanjo alikuwa bado amekaa, kofia juu ya magoti. Mke wake aliporudi kumchukua, hakuinuka.

"Mama Nice."

"Abee."

"Yule wa lori wa Ijumaa, si huyu wa leo, yule mwenye mbwa. Alifika?"

Mama Aikande akakaa chini pembeni yake.

"Alifika, Baba Nice."

"Na mbwa?"

Twahir alikuwa ameinua muhuri juu ya jalada. Akaushikilia hapo hapo hewani, akisubiri naye asikie.